Rangi Isijirudie

Kiti cha saluni ile kilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, na bado watu walikuwa wanalala juu yake. Walilala kweli, mdomo wazi, shingo imelegea, huku nywele zao zikigawanywa kwa kitana cha mkia, zikipakwa mafuta na kusukwa mistari myembamba kama mishono ya cherehani. Watoto ambao kwa wasusi wengine walipiga mayowe mpaka majirani wakatoka nje kuuliza nani anachinjwa, hapa walitulia tuli, wanacheza na shanga mapajani. Ndiyo maana mwenye saluni hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Mkono Mwepesi, hata na yule mtu wa umeme aliyekuja kusoma mita.

Jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali kuonyesha. Mume wake alikuwa amefariki, watoto hakujaliwa, na uso wake mwenyewe, akiuona kwenye kioo chenye ufa, aliuona wa kawaida tu. Lakini mkono! Mkono ulikuwa wake, na hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya. Ndivyo alivyofikiri.

Mle ndani walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kupasua vioo, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha nywele kwenye beseni la pembeni na kusema. Hasa kusema.

"Wifi, umekula?" aliuliza kila mchana.

"Nikimaliza kichwa hiki."

"Kichwa hiki kikiisha kinakuja kingine. Wewe utazikwa na kitana mkononi."

"Utanizika wewe?"

"Kaka yangu ameniachia nani mwingine wa kuzika? Ila nguo zako zile za maua nachukua mimi."

"Zitakubana."

"Nitazifumua."

Wateja walicheka, kichwa kikatikisika, na Mkono Mwepesi akakirudisha mahali pake kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kichwa cha mtu hakiachwi nusu; hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kazi. Sheria ya pili ilihusu shanga. Alizipanga kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na rangi yake, na alipofika mwisho wa mstari aliwavalisha watoto nyekundu, kisha njano, kisha nyeupe. Hakuruhusu shanga mbili za rangi moja zifuatane. "Rangi isijirudie," alisema, "ikijirudia inaharibu." Alilisema hilo mara nyingi hivi kwamba watoto wa mtaa walilifanya wimbo wa kurukia kamba.

Maumivu yalianzia kwenye kidole gumba cha kulia, pale kinapoungana na kiganja. Mwanzoni yalikuwa kama mtu anamfinya kwa utani. Kisha utani ukaisha. Asubuhi alishindwa kufungua mfuniko wa mafuta, akaufungua kwa meno huku amempa wifi yake mgongo. Ukitazama vidole vya msusi vinavyofanya kazi utaelewa: gumba halipumziki hata mara moja, linabana, linasukuma, linapokea, linabana tena, kuanzia asubuhi mpaka jua linapohama dirishani. Na linapouma, mtu hubana zaidi ili lisiteleze. Akibana zaidi, anavuta.

Mteja aliyemwambia alikuwa Mwalimu, mwanamke mwembamba wa shule ya msingi ya jirani, aliyesukwa hapo tangu alipokuwa bado msichana wa kuvaa sare. Siku hiyo hakusinzia. Katikati ya mstari alishika ukingo wa kiti na kusema, kwa sauti ndogo tu, "Leo umenivuta."

Wifi mtu alifunga bomba la maji, akageuka.

"Nimekuvuta?"

"Kidogo. Si kitu."

Lakini kilikuwa kitu. Mkono Mwepesi alihisi kama amevuliwa nguo mbele za watu. Akaeleza habari ya gumba, kwa aibu, kama mtu anayekiri amekojoa kitandani. Mwalimu akacheka kwa huruma, akachimba mkoba wake, akatoa kidonge kimoja cha pinki kilichokatwa kutoka kwenye karatasi yake ya fedha.

"Hiki niliandikiwa kwa ajili ya mgongo. Meza, utaniombea dua."

Alikimeza na chai ya rangi iliyokuwa imepoa tangu asubuhi. Na ajabu ni kwamba, kabla ya kichwa kile kuisha, maumivu yaliondoka. Yaliondoka kama mgeni aliyeitwa nje na hakurudi kuaga. Mwalimu akasinzia. Mkono Mwepesi akatazama gumba lake kwenye kioo, akatabasamu peke yake.

Habari za saluni hazihitaji kutangazwa. Mteja aliyefuata alikuwa na kidonge cha njano, cha mama yake mwenye magoti. Mwingine alikuwa na cheupe cha kichwa, mwingine cha rangi ya machungwa ambacho mume wake alikimeza baada ya kucheza mpira. Kumbe mkoba wa mwanamke ukiufungua ni duka la dawa lisilokuwa na muuzaji! Kila mmoja alikata chake kwa mkasi wa saluni, hivi kwamba jina la dawa likabaki upande wa kule na kidonge upande wa huku. Mkono Mwepesi alishukuru, akavitumbukiza kwenye kopo la shanga za bluu, lile la juu kabisa, ili wifi yake asimsumbue kwa maneno.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa uangalifu mkubwa. Hakuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba dawa ikizidi inadhuru. Kwa hiyo alijiwekea kanuni, ile ile aliyoiamini maisha yake yote: rangi isijirudie. Asubuhi akimeza pinki, hamezi tena pinki siku hiyo. Mchana ni njano. Jua likishuka na gumba likianza kulia, ni cheupe au cha machungwa. Kidonge cha pinki na cha pinki mwenzake vingegongana, hilo aliliona wazi. Lakini pinki na njano, vingegongana vipi? Vilikuwa watu wawili tofauti. Kila kimoja kingefanya kazi yake na kuondoka. Alijisifu kimoyomoyo kwa kuwa na nidhamu.

Vilipopungua alikwenda duka la dawa. Muuzaji alikuwa kijana makini mwenye miwani, akamuuliza maswali yote ambayo mtu makini huuliza. Amewahi kuwa na vidonda vya tumbo? Ana presha? Ana shida ya figo?

"Hapana, mwanangu."

"Kuna dawa nyingine yoyote unayomeza sasa hivi?"

"Hakuna."

Hakusema uongo. Kwake yeye dawa ilikuwa kitu unachonunua dukani au kuandikiwa na daktari. Vile vya kwenye kopo vilikuwa zawadi.

"Basi hizi ni ibuprofeni," kijana alisema. "Umeze ukiwa umeshakula, mama, usimeze kwenye tumbo tupu. Usichanganye na nyingine za maumivu za aina hii. Na zisizidi siku chache. Ukiona bado, nenda kwa daktari akuangalie huo mkono."

"Sichanganyi kabisa," alisema Mkono Mwepesi, na akatazama rangi. Nyekundu iliyoiva. Nyekundu hakuwa nayo. Akafurahi.

Habari ya kula ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ya ile sheria ya kwanza. Alifungua saluni kabla hajatia kitu mdomoni, akameza cha kwanza na chai ili vidole vilegee, akaanza kichwa, na kichwa hakiachwi nusu. Mkate alioununua ulikaukia kwenye mfuko wake, ukawa wa kutupiwa kunguru. Baada ya muda tumbo likaanza kuwaka moto, hapa katikati, chini ya kifua. Akasema ni kiungulia, akanywa maziwa. Akisimama ghafla chumba kilizunguka, akashika bega la mteja na kujifanya anapima urefu wa nywele.

"Wifi, mbona midomo imekuwa myeupe?" aliuliza mwenzake siku moja, mikono imejaa povu. "Umeanza kujichubua?"

"Nijichubue kwa ajili ya nani?"

"Yule wa mita. Anavyokuangalia, umeme wenyewe hausomi."

Wakacheka wote wawili. Mkono Mwepesi alicheka huku amejishika tumbo, na aliyemtazama angedhani ni kicheko kimemkaba.

Kisha likaja jambo la choo. Kikawa cheusi, cheusi kama lami ya barabarani, na kinanata. Alikitazama, akaingiwa na baridi kwa dakika moja hivi. Halafu akatazama vidole vyake. Chini ya kucha, kwenye mikunjo ya ngozi, kila mahali palikuwa na rangi nyeusi ya nywele aliyowapaka wanawake wenye mvi. Haikutoka hata kwa brashi. Si anakula kwa vidole hivi hivi? Akapata jibu, na jibu likamtosha. Akamsimulia hata wifi yake.

"Rangi imenishukia mpaka tumboni."

"Basi na mvi za ndani zitapona," alisema wifi, na beseni likajaa kicheko.

Kicheko hicho wifi mtu alikuja kukijutia.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu, na kwenye kiti alikuwa amekaa Mwalimu. Upande wa kushoto wa kichwa chake ulikuwa umekwisha, mistari imelala safi. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama kama zimeona jini. Mkono Mwepesi alikuwa anaingia katikati. Kwanza kitana kilimtoka mkononi. Akasema, "Samahani, Mwalimu," akainama kukiokota, na sakafu ikaja kumlaki. Alipoketishwa alikuwa na jasho la baridi usoni kote. Akatapika, na kilichotoka hakikuwa chai. Kilikuwa cheusi, chenye chengachenga, mfano wa machicha ya kahawa.

"Wifi!" Yule mwanamke wa maneno mengi alikuwa amebakiwa na neno moja. "Wifi! Wifi yangu, wifi!"

Mwalimu hakungoja kujitazama kwenye kioo. Alitoka mbio hadi katikati ya barabara, kichwa nusu binadamu nusu msitu, akatandaza mikono mbele ya gari la kubebea magodoro. Dereva alifunga breki, macho yamemtoka pima. Baadaye alisema alidhani amemkuta mwendawazimu. Hivyo ndivyo Mkono Mwepesi alivyokwenda hospitali, amelazwa juu ya magodoro mapya yaliyokuwa bado ndani ya nailoni, na kila gari liliporuka shimo nailoni ililia chini yake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya kufungwa kamba, mwenye sauti ya uchovu ya mtu aliyesimama muda mrefu. Walimtundikia dripu, wakachukua damu ya kupima, wakaagiza nyingine ya kuongezea. Daktari akamgeukia wifi.

"Anameza dawa gani?"

"Huyu? Hamezi kitu. Hata kichwa kikimuuma anakifokea tu."

Mwalimu, aliyekuwa amejifunga kitambaa cha kuazima kichwani, alisogea karibu na kitanda. "Mimi nilimpa kidonge," alisema. "Cha diklofenaki. Kimoja. Baadaye nilimpa vingine."

Kitandani midomo myeupe ilicheza. Wifi akainama kusikiliza.

"Kopo," Mkono Mwepesi alinong'ona. "Kopo la shanga za bluu."

"Usinigawie shanga!" wifi alipiga kelele, machozi yanamtiririka. "Sizitaki! Ukianza kugawa vitu unakufa, nakujua. Kaka yangu naye alianza na saa ya mkononi."

"Mlete... daktari... kopo."

Wifi alikwenda na kurudi kwa lile lile gari la magodoro. Daktari alimimina kopo kwenye trei ya bati. Shanga zikarukaruka, na katikati yao vikatulia vidonge: pinki, njano, cheupe, cha machungwa, vyekundu vile vya dukani. Akatenga ushanga huku, kidonge huku, kwa ncha ya kalamu, bila haraka. Vingine aliviinua kwenye taa kusoma herufi zilizochongwa.

"Ulikuwa unamezaje?"

Mkono Mwepesi alimweleza kanuni yake. Alieleza vizuri, hata na fahari kidogo ilikuwa bado imembakia. Rangi isijirudie.

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Mama," alisema, "hiki cha pinki ni diklofenaki. Hiki cha njano pia, ila kiwanda kingine. Chekundu na hiki cha machungwa ni ibuprofeni. Cheupe ni aspirini. Wote hawa ni ndugu. Nguo zao ndizo tofauti. Ukimeza wawili, umeongeza kipimo cha kitu kile kile. Wanatuliza uvimbe na maumivu, ndiyo, ni dawa nzuri, mimi mwenyewe nazitumia. Lakini tumbo lina utando wa kulilinda, na hawa wakizidi wanaubandua. Figo nazo wanazichosha. Ndiyo maana tunasema aina moja tu, kiasi kidogo kinachotosha, siku chache, na tumboni kuwe na chakula."

"Nilikuwa nakunywa maziwa."

"Maziwa hayazibi kidonda. Choo kilikuwaje?"

"Cheusi. Lakini ile ni rangi ya nywele, daktari. Mimi ni msusi."

Daktari alivishika vidole vile, akavigeuza, akatazama weusi chini ya kucha. Hakucheka. "Rangi hii haifiki huko, mama. Ile ilikuwa damu yako. Ilikuwa inatoka muda wote. Siku ile ya kwanza ungekuja hapa."

Wifi mtu alitoka nje ya wodi. Walimsikia kwenye korido, na safari hii hakuwa anacheka.

Alilala hospitali mpaka midomo ikarudiwa na rangi. Damu ya watu asiowajua iliingia mwilini mwake tone kwa tone, naye aliitazama ikishuka kwenye mrija, akishangaa kwamba nyekundu ya mtu mwingine ni ile ile kama yake. Siku ya kuruhusiwa daktari alimpa dawa za kidonda, na maneno ambayo hakuyataka.

"Wale ndugu usiwameze tena. Hata mmoja, hata ukipewa na mtu unayempenda. Mahali popote utakapotibiwa, sema kwamba tumbo lako liliwahi kutoka damu."

"Na mkono?"

"Parasetamo, kwa kipimo nilichokuandikia, usizidishe. Kifaa cha kushikilia gumba. Maji ya uvuguvugu. Na kupumzika."

"Kupumzika mpaka lini?"

Daktari alilishika lile gumba, akalizungusha taratibu. "Kiungo kimelika," alisema. "Dawa zilikuwa zinakinyamazisha, na wewe ukaendelea kukisaga."

Kwa hiyo saluni ilifunguliwa tena, na wifi akajifunza kusuka. Alisuka vibaya na kimya kimya. Wateja wa zamani walikuja kutoa pole, wakaketi kidogo, wakasema watapita wiki ijayo. Na kupitia dirisha Mkono Mwepesi aliwaona wakivuka barabara kwenda kwa msusi mpya mwenye redio. Hakuwalaumu. Kila mmoja aliyefungua mkoba na kusema "Nina kitu hapa kitakusaidia," alimjibu, "Ahsante, funga." Na mchana alikula. Chakula kilifika kwa wakati, cha moto, naye hakuwa na kichwa cha kumaliza. Kifaa cha gumba kilikuwa kigumu, cheupe, kinanuka jasho. Watoto wa mtaani waliendelea kurukia kamba, wanaimba sheria yake, na alipowasikia aliinuka akafunga dirisha.

Mwalimu alikuja siku ya mvua. Alivua kitambaa, upande wa kulia bado haujasukwa, akaketi kwenye kiti chenye mguu wa mpira, akampa mgongo.

"Nimekuja unimalizie."

"Wifi yupo."

"Sikuja kwa wifi."

Wifi alifungua bomba mpaka mwisho, maji yakapiga beseni kwa kelele, ingawa hapakuwa na nywele za kuosha.

Mkono Mwepesi alivua kile kifaa. Akagawanya nywele, akapaka mafuta, akashika. Gumba lilibana, likateleza, likabana tena, na maumivu yakapanda mpaka kiwiko. Alisuka mstari mmoja mnene, akapumzika, akaanza mwingine. Kwenye kioo chenye ufa aliuona uso wa Mwalimu. Macho yalikuwa wazi kabisa, na yalikuwa yamejaa maji.

"Nimekuvuta?"

"Hapana."

"Mwalimu."

"Nimesema hapana. Wewe suka."

Akasuka. Alipofika mwisho wa mstari alinyoosha mkono kwenye kopo bila kutazama, akavalisha ushanga wa bluu, na juu yake ushanga mwingine, nao ulikuwa wa bluu. Aliuona. Kuuvua kungehitaji gumba zima. Akafunga uzi, na Mwalimu akashika ukingo wa kiti, wakaanza mstari mwingine.